Somo la Wazi la Darasa la Sita

Mwalimu Zuurakan alikuwa na imani moja kuhusu kazi yake, na hakuna aliyekaa naye chumba kimoja cha walimu asiyeijua. Alisema somo ni mafiga matatu: unachokusudia mtoto akijue, unachomfundisha, na unachompima. Ukikusudia hiki, ukafundisha kile, ukaja kupima kingine, chungu kinapinduka, na anayeungua ni mtoto. Aliyasema hayo vikaoni, aliyasema kwenye chai, aliyasema hata msibani siku moja, mpaka Sabira, mwalimu wa lugha na rafiki yake wa miaka ishirini, akamvuta ukosi wa koti.

"Dada Zuura, marehemu hana mtihani kesho. Mwache apumzike."

"Anao," Zuurakan akajibu, "na maswali yake yalishatangazwa tangu zamani. Mtihani wa haki huo."

Watu walimcheka, lakini watoto aliowafundisha hesabu pale kijijini Sary-Kungoi kwa miaka thelathini na mmoja walijua kwamba hasemi tu. Akitunga jaribio, hakuna swali la kuvizia. Nusu ya darasa wakianguka, hakuwatukana wala hakuwaita wazazi. Alikuwa akisema jaribio limempima yeye, kisha anarudi ubaoni na kufundisha upya, kalenda ya masomo ikichelewa na ichelewe. Na alikuwa na desturi moja tena: swali alilolifanya darasani, akilirudia, lazima abadilishe tarakimu. Hakutaka mtoto akariri jibu. Alitaka ajue njia.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni somo la wazi. Kila mwalimu wa kule analijua. Wageni wanatoka wilayani, wanakaa nyuma ya darasa na karatasi zao, na mwalimu anafundisha mbele yao somo ambalo watoto wameshalifanyia mazoezi wiki nzima kama waimbaji wa harusi. Nani ataulizwa nini, nani atajibu vipi, yote yameshapangwa. Hata mikono imepangwa: anayejua jibu anainua wa kulia, asiyejua anainua wa kushoto, ili wageni waone darasa zima limeinua mikono na mwalimu asije akamwita asiyejua. Zuurakan alikuwa akiwaambia wenzake, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Yeye masomo yake ya wazi aliyafanya bila mazoezi, na kwa sababu hiyo alikuwa amebaki daraja la kati la ualimu muda wote huo, huku walimu aliowafundisha hesabu yeye mwenyewe wakimpita.

Mwaka huo alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita. Miwili ilikuwa imebaki astaafu.

Katika darasa la sita alikuwa na watoto kumi na tisa, na mmoja wao aliitwa Kanyshai. Mama yake alikuwa Urusi akifanya usafi, kwa hiyo mtoto alilelewa na bibi yake. Alikuwa mpole kupita kiasi. Umwambie nini, jibu lake ni moja: "Sawa, mwalimu." Hesabu zilikuwa zimemshinda tangu darasa la tatu, na alikuwa ameshazoea kupata mbili, alama ya walioanguka, kama mtu aliyezoea baridi. Majira ya baridi yale, Zuurakan alimkuta kabaki peke yake karibu na jiko la kupashia darasa joto, anafuta daftari.

"Mwalimu, mimi hesabu hazinitaki," Kanyshai alimwambia.

"Hesabu hazina kutaka, mwanangu. Sikiliza. Kabla shule haijafungwa, utainua mkono wako mwenyewe, wa kweli, utasema jibu mbele ya wote, na mimi nitakuandikia tano, alama ya juu kabisa. Nimekuahidi."

"Sawa, mwalimu."

Zuurakan aliichukua ahadi ile kwa uzito. Tangu siku hiyo akawa anamtazama yule mtoto kila somo. Mkono haukuinuka.

Aprili wakaanza uwiano. Jumatatu moja akawapa jaribio, na kumi na mmoja kati ya kumi na tisa wakaanguka, Kanyshai akiwemo. Kwa Zuurakan hilo halikuwa na mjadala: wiki ile ni kurudi nyuma na kufundisha upya. Alikuwa bado ana rundo la karatasi mkononi wakati mkuu wa shule alipoingia. Mkuu huyo, Sharshen, alikuwa mwanafunzi wake zamani, na mpaka leo akizungumza naye alisimama wima kama yuko ubaoni.

"Mwalimu wangu, Alhamisi tuna wageni. Watatu. Wanataka somo la wazi la hesabu, na nimewaambia ni wewe."

"Watakuja kuona nini? Watoto hawajaelewa. Hizi hapa, tazama. Kumi na mmoja."

"Basi waelewe kabla ya Alhamisi."

"Sharshen, wewe mwenyewe ulichukua wiki tatu kuelewa hesabu za sehemu. Umesahau?"

Mkuu akacheka, akajikuna shingo. "Sijasahau. Ndiyo maana nataka upate daraja la juu, mwalimu wangu. Ni mara ya mwisho, baada ya hapa umri hautakuruhusu. Wanaangalia kitu kimoja tu safari hii: kama lengo, ufundishaji na tathmini vinalingana. Hayo si maneno yako? Miaka yote hii umewahubiria viziwi, leo wamekuja wenye masikio."

Hapo ndipo alipompata. Angemtajia mshahara angemfukuza chumbani. Alimtajia imani yake, naye akalegea. Aliona mafiga yake matatu yakiandikwa kwenye ripoti ya wilaya, walimu vijana wakiletwa kuja kumtazama. Hata Sabira alipomkuta anaandika andalio la somo kwa kalamu mpya, alikunja uso.

"Kwa hiyo nawe leo unapika harusi?"

"Ni siku moja tu, Sabira. Wakishaona, nitarudi niwafundishe polepole."

"Mimi sikulaumu. Sisi wengine tumepika miaka yote. Nashangaa tu kukuona na mwiko."

Basi Jumanne na Jumatano, badala ya kufundisha upya, wakafanya mazoezi. Kondoo kumi na wawili wametoa sufu kilo thelathini, kondoo ishirini watatoa kilo ngapi? Baiaman, mtoto wa duka, atajibu hamsini. Msichana wa mbele ataeleza. Mwingine atasema, "Leo tumejifunza uwiano." Alipofika kwenye habari ya mikono, Zuurakan aliona haya hata kuinua macho.

"Anayejua, wa kulia. Asiyejua..."

"Wa kushoto!" darasa likamalizia kwa kelele. "Tunajua, mwalimu! Kwa mwalimu wa historia ndivyo tunavyofanya!"

"Mwalimu, na asiyejua kulia kwake ni wapi?" Baiaman akauliza, na wote wakaangua kicheko.

Jumatano, mazoezi ya tatu yalipokwisha, wenzake wakiwa wameshakimbilia nje, Kanyshai alibaki ameshika mkoba.

"Mwalimu, hiyo hamsini imetoka wapi?"

Zuurakan alikuwa anabandika michoro ukutani, pini mdomoni. "Anza na kondoo mmoja, Kanyshai. Ukijua mmoja anatoa kilo ngapi, umewajua wote. Haya nenda, bibi anakungoja."

"Sawa, mwalimu."

Ndiyo dakika pekee ya kufundisha iliyokuwepo wiki ile, na ilipita hivyo, mwalimu akiwa amempa mtoto mgongo.

Alhamisi ikafika. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, watoto wamevaa mashati meupe, na nyuma walikaa wageni watatu pamoja na Sharshen. Kiongozi wao, Bi Mairamkul, alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, na uso wake haukuwa mbaya hata kidogo. Somo likaenda vizuri. Zuurakan alisoma lengo, aliuliza, alijibiwa. Sauti yake ilikuwa tulivu. Kisha akageuka kuandika swali la tathmini, lile la kondoo.

Sasa, mtu akishazoea jambo miaka thelathini na mmoja, mkono unalifanya bila kuomba ruhusa. Mdomo wake ulikuwa unawaambia watoto wakae wima, na mkono nao ukafanya ulichozoea kila anaporudia swali: ukabadilisha tarakimu. Badala ya kondoo ishirini ukaandika ishirini na nane. Yeye mwenyewe hakuona.

Alipogeuka, mikono kumi na tisa ilikuwa juu. Akaipitia haraka kwa macho, kama walivyofanya kwenye mazoezi. Kulia, kushoto, kushoto, kulia. Na pale dawati la tatu karibu na jiko, Kanyshai alikuwa ameinua wa kulia.

Aliuona. Hilo ndilo ambalo baadaye hakuweza kulikwepa hata alipojitetea vipi. Aliuona, na moyo wake ukaruka, na wakati huohuo akajiambia kuwa mtoto amechanganya mikono, maana kwenye andalio jina lililofuata lilikuwa la Baiaman.

"Baiaman."

"Kilo hamsini!"

Sauti ya Baiaman ilijaa chumba. Zuurakan akageukia ubao ili aandike jibu, na hapo akakiona alichokiandika. Ishirini na nane. Kondoo mmoja hutoa kilo mbili na nusu, basi ishirini na nane watatoa sabini. Jibu la Baiaman halikuwa la swali lile, na mkono wa kulia wa Kanyshai ulikuwa bado uko juu, peke yake sasa, umeinuka mpaka bega limepanda, na midomo yake inanong'ona kitu. Hakuwa amechanganya. Wengine wote walikuwa wamekariri, yeye alikuwa amepiga hesabu.

Ilikuwa kazi ndogo sana kumwita. Neno moja tu, jina lake. Baiaman angeona haya kidogo, wageni wangeshtuka kidogo, na ahadi ya majira ya baridi ingetimia mbele ya mashahidi watatu kutoka wilayani.

Zuurakan akachukua kitambaa, akafuta nane, akaandika sifuri.

"Samahanini, chaki imeniteleza. Kondoo ishirini. Hamsini, vizuri sana, Baiaman. Kaa."

Kanyshai aliutazama ubao. Kisha akautazama mkono wake kana kwamba si wake, akaushusha polepole, akainamia daftari.

Bi Mairamkul hakuona, au kama aliona, hakusema. Alikuwa anaandika. Somo lilipokwisha akamshika Zuurakan mikono yote miwili.

"Mwalimu, nimezunguka shule nyingi. Lengo, somo na tathmini vimefungamana hivi, mimi sijaona. Walimu wote wangekuwa kama wewe tungekuwa mbali."

Sharshen alimeremeta kama yeye ndiye aliyesifiwa. Zuurakan akavishwa kilemba cha ukoka na akakivaa, akashukuru, akakaa kwenye pilau la wageni na kuulizwa siri yake, akaanza kueleza mafiga matatu. Katikati ya sentensi alisahau figa la pili ni lipi. Sabira akamtajia kwa upole, bila utani.

Jioni alikaa kusahihisha madaftari. La Kanyshai aliliweka la mwisho kwa sababu aliliogopa. Mtoto alikuwa ameandika: kondoo mmoja, mbili na nusu. Kondoo ishirini na nane, sabini. Njia yote ipo, safi, hatua kwa hatua. Halafu juu yake amepitisha mstari kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, kama mwalimu alivyowafundisha kusahihisha makosa. Pembeni ameandika hamsini. Hiyo hamsini haikuwa na njia.

Kama kuna adhabu ya mwalimu hapa duniani, basi ni ukurasa ule. Zuurakan aliliona mara moja alilofanya, na majuto ni mjukuu, huja nyuma. Swali lilikuwa sahihi, jibu la mtoto lilikuwa sahihi, na yeye alilibadilisha swali ili limfae aliyekosea. Maisha yake yote aliwasema walimu wanaopima wasichofundisha. Yeye alimpata mmoja aliyefundishika, akamfutia mtihani ubaoni akiwa bado ameinua mkono.

Ijumaa alikusudia kusema naye, lakini darasa lilikuwa na furaha ya kupongezwa na Sharshen aliwaletea peremende, akashindwa. Mtoto alijibu "Sawa, mwalimu" kwa kila kitu na macho yake hayakuwa na lawama yoyote. Jumamosi alimweleza Sabira.

"Mtoto huyo atasahau," Sabira alisema. "Sisi tumesahau mangapi?"

"Hajawahi kusahau kwamba hesabu hazimtaki. Hilo amelikumbuka miaka mitatu."

"Basi nenda ukamwombe radhi. Usikae hapa ukilia kwangu, si mimi niliyeinua mkono."

Jumapili akaenda. Bibi yake Kanyshai, Bi Batma, alikuwa anaosha sufu uani. Aliacha kila kitu, akajipangusa mikono, akamkaribisha ndani kwa vishindo, akatandika kitambaa cha chakula, mkate, malai ya maziwa, jamu, chai.

"Mwalimu mkubwa mwenyewe, nyumbani kwangu! Wamesema habari zako mpaka dukani. Kanyshai, mmegee mkate mwalimu wako. Huyu mtoto tangu Alhamisi hanisemeshi, kutwa anaandika tarakimu. Nikajua tu, mwalimu bingwa kamgusa."

"Bi Batma, nimekuja kwa jambo la Alhamisi," Zuurakan alisema. "Kanyshai, njoo ukae hapa."

Mtoto akaja akakaa, magoti pamoja.

"Siku ile niliandika ishirini na nane. Uliona vizuri. Na jibu lako la sabini lilikuwa sahihi. Wewe peke yako ndiye uliyejua, darasa zima. Mimi ndiye niliyefuta, kwa sababu niliwaogopa wageni. Nimekosa. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya bibi yako."

Bi Batma akatazama huku na huku, kikombe mkononi. Kwake yeye mwalimu kumwomba radhi mtoto ni jambo lisilo na mahali pa kukaa. Kanyshai aliona haya, akainamisha kichwa, kisha akakiinua kwa haraka, kama mtu anayetaka kumtoa mgeni aibu.

"Usisikitike, mwalimu. Sikukasirika. Mimi nimeshaelewa."

"Umeelewa nini, mwanangu?"

"Namna yake. Nilikuwa nakosea kwa sababu naanza na kondoo mmoja." Aliongea kwa utaratibu, akionyesha kwa kidole juu ya kitambaa, na uso wake ulikuwa umechangamka, uso ambao Zuurakan alikuwa ameungoja darasani tangu majira ya baridi. "Kumbe unaanza na jibu. Kwanza unaangalia wakubwa wanataka ngapi. Ukishaijua hiyo, ndiyo unaangalia swali. Na kama swali halikubali, linabadilishwa. Nimejaribu na yale ya kitabuni, mwalimu, nafungua majibu ya nyuma kwanza. Yote yanatoka. Sasa si ngumu tena."

Akamtazama mwalimu, akingoja kusifiwa.

Zuurakan alifungua mdomo aseme hapana. Amwambie kafundishwa vibaya? Alikuwa amefundishwa vizuri sana, mbele ya mashahidi, akapimwa hapohapo na akafaulu. Nani angemwamini sasa akisema hakukusudia?

"Hapana, Kanyshai," alisema hatimaye. "Sivyo. Kesho tutaanza upya, mimi na wewe. Tutaanza na mmoja."

"Sawa, mwalimu," Kanyshai alisema, na mwanga ukaondoka usoni mwake. Ile ilikuwa mara ya pili wiki ile kuambiwa amekosea na mtu yuleyule, na alipokea kama alivyopokea vyote.

"Lakini mwalimu, si anasema yanatoka?" Bi Batma akaingilia, akimwongezea chai. "Miaka mitatu huyu analia na hesabu humu ndani. Leo zimemwingia, na wewe unamrudisha nyuma?"

Zuurakan akaweka kikombe chini, akajifunika uso kwa viganja viwili, akalia mbele ya mwanafunzi wake wa darasa la sita. Kanyshai akainuka, akamletea taulo, akampa pole, akamuuliza bibi yake kama dawa ya kichwa bado ipo.